Magonjwa ya Ngozi Tunayoyaficha

Wahenga walisema ya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakikuniumbua, lakini maradhi niliyoyaficha yalimfikia mtoto mchanga asiye na kosa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu nieleze magonjwa ya ngozi yaonekanayo sana katika mabweni, dalili zake na dawa zake.

Nilipokuwa kidato cha tano nilianza kuwashwa usiku. Mchana nilisahau, lakini taa zikizimwa na mwili ukipata joto la blanketi, mwasho ulianza baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makwapani. Kwetu Biryogo ugonjwa huo twauita upele, na kwa Kinyarwanda ni ubuheri. Jina hilo lilinitia haya, maana watu husema ni ugonjwa wa wachafu. Basi nikaoga mara mbili kwa siku, wala haukuondoka. Mwisho nikanunua krimu katika duka moja mjini, bila kumwuliza tabibu yeyote. Mwasho ukapoa kidogo, nikafurahi. Likizo ikafika, nikaenda nyumbani, na kila jioni nikambeba mtoto wa dada yangu hadi alale kifuani pangu.

Baada ya kurudi shuleni, Jumapili moja ya wageni dada alikuja peke yake. Nikamwuliza, "Dada, mtoto yuko wapi?" Akanijibu, "Amelazwa. Viganja na nyayo zimejaa usaha, na homa haishuki. Tabibu ameuliza ni nani nyumbani anayejikuna. Mdogo wangu, nionyeshe mikono yako." Nikamwonyesha. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku ile ile nilikwenda kwa muuguzi wetu. Aliniambia, "Mwanangu, ungalikuja siku ya kwanza, ningalikupa dawa ya usiku mmoja." Kisha akanifundisha haya ninayowaandikia.

Upele huletwa na kidudu jamii ya utitiri, kisichofikia hata nusu ya milimita. Mwaka 1687 Mwitaliano Giovanni Cosimo Bonomo alimtazama kwa hadubini akaeleza ya kuwa yeye ndiye chanzo cha mwasho. Jike huchimba handaki jembamba ndani ya ngozi, akataga mayai humo. Mtu asiyepata kuugua huweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wenzake. Kidudu hupita ngozi kwa ngozi, kwa watu walalao pamoja au mama abebaye mtoto. Salamu fupi ya mkono mara nyingi haitoshi. Kwa hiyo upele si dalili ya uchafu. Aliye safi huupata akilala karibu na mwenye nao, na sabuni peke yake haimtoi mdudu aliyekwisha kuingia ndani. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 wana upele, na mwaka 2017 liliutia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Hatari yake ni katika kukuna. Kucha hufungua ngozi, vijidudu vya usaha vikaingia, na vingine huweza kudhuru hata figo. Ndivyo ilivyompata mtoto wetu: upele ulitangulia, usaha ukafuata.

Dawa zipo. Krimu ya permethrini hupakwa jioni mwili mzima, tangu shingo hadi nyayo, hata chini ya kucha, ikaachwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla ya kuoga. Watoto wachanga hupakwa na kichwani pia, kwa kipimo cha tabibu. Baada ya siku saba hurudiwa. Viko pia vidonge vya ivermektini, lakini havipewi mama mjamzito wala mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto. Kisichofulika hufungwa katika mfuko siku tatu au zaidi, kwa kuwa mdudu hufa akikosa mwili wa mtu. Mwasho huweza kuendelea wiki mbili au zaidi baada ya dawa, wala si lazima iwe dawa imeshindwa.

Lakini sharti kubwa ni hili: wote wakaao pamoja watumie dawa siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Ukimtibu mmoja, jirani wa kitanda atamrudishia. Bweni letu tulipakwa sote usiku mmoja, na nyumbani kwetu vivyo hivyo.

Si kila mwasho ni upele. Uko ugonjwa wa choa, uletwao na kuvu. Hufanya duara mfano wa sarafu: ukingo umeinuka na kutoa magamba, katikati ngozi inaelekea kupona. Kichwani nywele hukatika, kubaki vipara vidogo. Huko wengi huita mapunye. Huenezwa kwa taulo, kofia, vitana na mashine za kinyozi zisizosafishwa. Choa ya mwilini hutibiwa kwa krimu ya kuua kuvu, mathalan klotrimazoli, nayo yafaa kuendelezwa hata baada ya duara kutoweka. Mapunye hayaponi kwa krimu peke yake. Hutaka vidonge kwa wiki kadhaa.

Tena yako mabaka yaliyopauka, yenye vumbi la magamba, yatokayo kifuani, mgongoni na shingoni, hasa kwa vijana watokao jasho jingi. Hayo pia ni kuvu, lakini kuvu huyo hukaa katika ngozi ya kila mtu, kwa hiyo hayaambukizi. Dawa humwua upesi, ila rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Msimcheke mwenye nayo.

Baka la kuogopwa ni lile lisilowasha na lisilo na hisia. Ukiligusa kwa pamba, mwenyewe akiwa amefumba macho, naye asijue umemgusa, apelekwe kwa tabibu mara moja, maana huenda ni ukoma. Hata huo siku hizi hauna haja ya kutisha. Kijidudu chake kiligunduliwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, na mchanganyiko wa dawa huuponya kwa miezi sita au kumi na miwili, nao hutolewa bure. Aliyechelewa hupona pia, lakini vidole vilivyokwisha kuharibika havirudi.

Sasa narudi kwenye krimu yangu ya dukani. Muuguzi alisoma kibandiko chake akaniambia ya kuwa ndani mna steroidi kali. Dawa hiyo ina kazi yake mkononi mwa tabibu, lakini juu ya upele huituliza ngozi tu, huku wadudu wanaendelea kuzaana. Juu ya choa ni vibaya zaidi: hufuta ukingo wa duara hata tabibu asiutambue, na kuvu akaenea. Ikitumiwa muda mrefu hukondesha ngozi na kuacha michirizi. Krimu nyingine za kujichubua zina dawa hiyo hiyo, au zebaki. Hapa Rwanda serikali ilianza msako wa krimu za kujichubua madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Basi someni kibandiko: mkiona betamethasoni au klobetasoli, msipake kabla ya kuuliza.

Enyi wenzangu, muuguzi yupo, na vituo vya afya viko karibu. Ugonjwa ukiwashinda, wao ndio watakaowapeleka hospitali kubwa. Nanyi ndugu zetu mliokwisha kuwa wazazi, mtoto akirudi likizo akijikuna, mwulizeni kwa upole. Ukali humfanya afiche.

Mtoto wa dada yangu alipona. Likizo iliyofuata, kabla sijaombwa, nilinyosha mikono yote miwili mbele ya dada. Akaitazama pande zote, vidole kwa vidole, kisha akanipa mtoto.