Majimbo ya Marekani yanavyoungana kushusha bei ya dawa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wazee wa Maine, jimbo lililo kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, walikuwa wakipanda mabasi na kuvuka mpaka kwenda Canada kununua dawa. Hawakufuata dawa ambazo kwao hazipatikani. Walifuata zilezile, za kampuni zilezile: za shinikizo la damu, za moyo, za kolesteroli. Tofauti ilikuwa bei tu. Canada ina chombo cha serikali kinachodhibiti bei za dawa zenye hataza. Marekani kampuni hujipangia, na wakati huo Medicare, bima ya umma ya wazee, haikulipia vidonge ambavyo mgonjwa ananunua mwenyewe dukani. Mzee aliyekosa bima nyingine alilipa bei kamili, au alikata kidonge vipande viwili ili kimfikishe mwisho wa mwezi.

Mwaka 2000 bunge la Maine lilipitisha sheria iliyosukumwa na Chellie Pingree, aliyekuwa kiongozi wa walio wengi katika seneti ya jimbo. Sheria iliiagiza serikali ya jimbo isimame kama mnunuzi mmoja kwa niaba ya wakazi wote wasio na bima ya dawa, iketi na kampuni na kudai punguzo. Kampuni ikikataa, dawa zake zingewekewa kizuizi katika Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini: daktari asingeweza kuziandika hivi hivi, ingembidi aombe kibali kwanza. Chama cha watengenezaji wa dawa kilikwenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2003 ilikataa kuizuia sheria hiyo isianze kutumika.

Maine ina watu milioni moja na ushei tu. Kampuni zinazouza dawa dunia nzima hazikuwa na sababu ya kuogopa soko dogo kiasi hicho. Zilichoogopa ni mfano wake, na zilikuwa na haki ya kuogopa, maana sheria ile iligusa kiini cha jambo.

Wengi hudhani siri ya manunuzi ya pamoja ni wingi. Anayebeba gunia hatozwi bei ya kibaba, hilo kila aendaye sokoni analijua. Lakini kwenye dawa wingi peke yake haufui dafu. Kampuni yenye hataza ya dawa isiyo na mbadala haimwogopi mnunuzi, awe na wagonjwa elfu moja au milioni moja, kwa sababu inajua hana pa kwenda. Kinachoshusha bei ni uwezo wa mnunuzi kukataa na kuchukua dawa ya mshindani.

Na hapo ndipo sayansi inapoingia. Chukua dawa za kushusha kolesteroli za kundi la statini. Zote huzuia kimeng'enya kimoja ndani ya ini, kile ambacho mwili hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa na kolesteroli yake, hufyonza zaidi ile iliyomo kwenye damu, na kiwango cha damu hushuka. Atorvastatini, simvastatini na pravastatini zinatofautiana nguvu kwa kila miligramu, muda zinaokaa mwilini na jinsi zinavyogongana na dawa nyingine. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi moja inaweza kushika nafasi ya nyingine mradi kipimo kirekebishwe. Kampuni tatu zinapouza kitu kinachofanya kazi moja, mnunuzi anaweza kuziambia: mwenye bei nzuri ataingia kwenye orodha ya dawa za kuandikwa bila kibali, na waliobaki watasubiri nje.

Lakini nani aamue kwamba dawa hii inatosha badala ya ile? Karani wa manunuzi hawezi, na kampuni yenyewe haiwezi kuaminiwa. Jimbo la Oregon lilitoa jibu ambalo kwa maoni yangu halijapewa sifa linayostahili. John Kitzhaber, daktari wa idara ya dharura aliyekuwa gavana hadi mwanzoni mwa 2003, alipotoka madarakani alianzisha kituo cha sera zinazotegemea ushahidi katika chuo kikuu cha afya na sayansi cha Oregon, mjini Portland. Majimbo kadhaa yalichanga fedha, watafiti wakaanza kuzikusanya tafiti zilizopambanisha dawa kwa dawa ndani ya kundi moja.

Kazi hiyo ilihitajika kwa sababu dawa inaporuhusiwa kuingia sokoni, mara nyingi imethibitishwa kuwa bora kuliko kidonge kisicho na kitu ndani. Hailazimiki kuthibitisha kwamba inaishinda dawa iliyopo tayari. Daktari basi hujikuta na dawa mpya ya bei ya juu na ya zamani ya bei ya chini, bila kujua kama tofauti ya bei inalingana na tofauti ya tiba. Majimbo yalipoanza kulijua jibu, yalikwenda kwenye mazungumzo yakiwa na hoja mkononi.

Mazungumzo yenyewe hayafanani na tunavyowazia manunuzi ya jumla. Hakuna maghala wala malori. Mgonjwa wa Medicaid huchukua dawa yake kwenye duka la kawaida, jimbo humlipa mwenye duka, kisha kampuni hulirudishia jimbo sehemu ya fedha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ndiyo iliyoweka marejesho haya, na kwa sasa kiwango cha chini kwa dawa nyingi zenye hataza ni asilimia 23.1 ya wastani wa bei ya mtengenezaji. Ili kupata zaidi ya hapo, majimbo huungana. Mwaka 2004 serikali kuu iliruhusu kundi la kwanza, likiwamo Michigan na Vermont, kudai marejesho ya nyongeza kwa pamoja. Baadaye Iowa, Maine na Vermont wakaanzisha muungano wao wenyewe, Sovereign States Drug Consortium, ili asiwepo mtu wa kati anayechukua chake. Dawa za magereza, hospitali za wagonjwa wa akili na kliniki za umma zina utaratibu mwingine: Minnesota imekuwa ikizisimamia zabuni zake kwa niaba ya majimbo mengi tangu miaka ya 1980.

Shida kubwa ya Marekani ni kwamba mnunuzi amekatwa vipande. Ndani ya jimbo moja, Medicaid inanunua kivyake, magereza kivyake, bima ya watumishi wa serikali kivyake, chuo kikuu cha umma kivyake, na kila mmoja analipa bei ambayo mwenzake haijui kwa sababu mikataba ni ya siri. Siku aliyoapishwa, Januari 2019, Gavana Gavin Newsom wa California aliagiza vipande hivyo viunganishwe. Medicaid ya jimbo hilo, yenye watu wapatao milioni 13 wakati huo, ilikuwa imegawanywa kwa mashirika mengi ya bima, kila moja na mkataba wake wa dawa. Kazi ya kuirudisha dawa chini ya mkono mmoja ilikamilika Januari 2022.

Mgawanyiko huo unaonekana kwenye bei. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa 2024 ulikuta bei za dawa Marekani ni karibu mara tatu ya wastani wa nchi nyingine 33. Ukizichukua dawa zenye majina ya kibiashara peke yake, zinapita mara nne kabla ya marejesho kutolewa. Dawa za jeneriki, ambazo mtengenezaji yeyote mwenye sifa anaweza kuzizalisha baada ya hataza kuisha, ni nafuu Marekani kuliko nchi nyingi tajiri. Palipo na washindani, bei hushuka hata pale serikali isipofanya lolote.

Je, dawa isiyo na mshindani? Mwisho wa 2013 iliidhinishwa sofosbuvir, dawa ya homa ya ini aina ya C. Huzuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujinakili, na ikichanganywa na dawa nyingine huponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa ndani ya wiki 12 hivi. Iliuzwa dola 1,000 kwa kidonge, dola 84,000 kwa dozi nzima. Majimbo yakaanza kuchagua nani atibiwe. Walioachwa wasubiri hadi ini lao liharibike zaidi walikuwa wagonjwa ambao tiba yao ilikuwa kabatini. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo isipokuwa kuliita dhuluma.

Louisiana, jimbo maskini la kusini, lilijaribu njia mpya mwaka 2019. Badala ya kulipa kwa kila kidonge, liliingia mkataba wa miaka mitano na kampuni tanzu ya Gilead, watengenezaji wa sofosbuvir: jimbo lingelipa kila mwaka kiasi kisichozidi ukomo uliokubaliwa, na likishaufikia ukomo huo, wagonjwa wote wa Medicaid na wafungwa wangepata dawa kadiri wanavyohitaji. Kwa kampuni, kutengeneza kidonge kimoja zaidi hakugharimu kitu cha maana, gharama kubwa ilikwisha kutumika kwenye utafiti. Kwa jimbo, kila mgonjwa mpya aliyepatikana alikuwa faida badala ya mzigo, kwa hiyo likawa na sababu ya kuwatafuta. Zaidi ya watu 10,000 walitibiwa. Lengo la zaidi ya 30,000 halikufikiwa: kumpata mgonjwa asiyejijua anaumwa, kumpima na kumfuatilia hadi amalize dozi kunahitaji wahudumu, na janga la UVIKO-19 liliwaelekeza kwingine.

California nayo ikaenda mbali zaidi kwenye insulini. Wagunduzi wake wa Toronto waliuza haki ya uvumbuzi wao kwa chuo kikuu mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja. Miaka mingi baadaye, kichupa cha insulini ya Humalog kilichouzwa dola 21 mwaka 1996 kilifika dola 275 kufikia 2019. Machi 2023 California ilitangaza mkataba wa dola milioni 50 na Civica, shirika lisilo la faida lililoanzishwa na hospitali, ili insulini iuzwe kwa jina la jimbo. Mwezi huohuo kampuni kubwa zilitangaza kushusha bei, Eli Lilly ikiwa ya kwanza, kwa kupunguza asilimia 70. Sababu zilikuwa kadhaa, ikiwemo kanuni mpya ya marejesho ya Medicaid iliyoanza Januari 2024. Kalamu za insulini ya glajini zenye nembo ya CalRx ziliingia sokoni Januari 2026, kalamu tano kwa bei isiyozidi dola 55. Ni kuchelewa kwa miaka, lakini bei hiyo iko wazi na anaijua kila mtu.

Uwazi huo ndio unaokosekana kwenye marejesho. Fedha zinazorudi huingia hazina ya jimbo, na zinasaidia kweli kuifanya Medicaid iendelee. Ila mfanyakazi asiye na Medicaid wala bima, anayesimama mbele ya mfamasia na cheti chake, hatozwi ile bei iliyojadiliwa. Anatozwa ya ubaoni. Mpango wowote unaojisifu kuokoa mamilioni uulizwe kwanza kama mtu huyo amefikiwa.

Kwetu Afrika Mashariki njia ni nyingine. Bohari ya Dawa ya Tanzania (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na KEMSA ya Kenya hununua kwa zabuni, huhifadhi na kusambaza zenyewe kwa hospitali za umma. MSD ilikabidhiwa pia kuratibu manunuzi ya pamoja ya nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika. Tunacho tayari kile ambacho majimbo ya Marekani bado yanakitafuta, yaani mnunuzi mmoja. Lakini mnunuzi mmoja anayechelewa kulipa hupoteza punguzo lake haraka, kwa sababu muuzaji huiongeza hasara ya kusubiri kwenye bei ya zabuni ijayo. Serikali zetu zilipe bohari zao kwa wakati.

Na kwa ndugu zetu wanaoishi huko, wakiwemo wakimbizi wengi wa Congo waliopokelewa katika majimbo ya magharibi: Oregon na Washington waliunganisha programu zao za dawa miaka mingi iliyopita, na leo muungano huo unaitwa ArrayRx. Nevada, Connecticut na Arizona nao wamejiunga. Mkazi hupata kadi ya punguzo bila malipo, na haiangalii umri wala kipato. Haiwezi kutumika pamoja na bima kwenye dawa hiyohiyo, kwa hiyo mwombe mfamasia akutajie bei zote mbili, ya bima na ya kadi, kabla hujalipa.