Mashine Zinazofundishwa kwa Mifano

Yasemwa mengi siku hizi juu ya mashine zinazojifunza, na aghalabu msemaji ama huzisifu kupita kiasi ama huwatisha watu kwazo. Sisi twaona ni bora kumwonyesha msomaji wetu zimefanya nini, zimefanya wapi, na zilikwama wapi, kisha kila mwenye nyumba apime mwenyewe.

Asili ya jambo hili si ya jana. Neno algorithimu, ambalo ndilo jina la kanuni za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, karne ya 9. Lakini kwa muda mrefu kompyuta ilifuata tu hatua ilizoandikiwa, moja baada ya moja, wala haikuweza kuongeza lake. Katika mwaka wa 1959 Mmarekani Arthur Samuel, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alitangaza habari za programu yake ya kucheza dama. Hakuiandikia kila hila ya mchezo, bali aliifanya icheze mara nyingi na kujirekebisha, hata ikawa yaweza kucheza vizuri kuliko yeye aliyeitengeneza. Mashine nyingi za leo zafundishwa kwa njia iliyo karibu na hiyo: huonyeshwa mifano kwa maelfu, kila mfano pamoja na jibu lake, mpaka ziweze kukisia jibu la mfano ambao hazijapata kuuona.

Tuanze na jicho, kwani maradhi ya sukari yameingia katika nyumba nyingi na hapana asiyemjua mtu aliyepatwa nayo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Mishipa hiyo huvimba na kuvuja, na ajabu yake ni kwamba mwanzoni mgonjwa hahisi lolote: haumwi, na anaona kama kawaida. Akija kuona ukungu, mara nyingi sehemu ya jicho imekwisha haribika. Ndiyo maana madaktari husisitiza kwamba mwenye sukari apimwe macho kila mwaka hata kama hana malalamiko. Lakini madaktari wa macho ni wachache, na wengi wao wamo katika miji mikubwa.

Katika mwaka wa 2016 wataalamu wa kampuni ya Google walitangaza kwamba wamefundisha mashine kuyatambua maradhi haya kwa kuiangalia picha ya nyuma ya jicho. Walikusanya picha 128,175 kutoka Marekani na India, wakawapa madaktari 54 wazikague, kila picha ikipita mbele ya macho ya watu 3 hadi 7. Ilipojaribiwa kwa picha nyingine, mashine iliweza kuzitambua zaidi ya 95 katika kila picha 100 zilizokuwa na dalili za kumpeleka mgonjwa kwa daktari. Hapana shaka hiyo ni kazi kubwa.

Ama yaliyofuata ndiyo tunayopenda msomaji ayazingatie zaidi. Mashine hiyo ilipelekwa Thailand, ikatiwa katika zahanati 11, na habari zake zikaandikwa mwaka wa 2020. Huko wauguzi walikuwa wamezoea kupiga picha za macho na kuzipeleka kwa daktari wa mbali, na majibu yalichukua majuma kadhaa. Mashine ingeyatoa kwa dakika chache. Lakini picha za kufundishia zilikuwa safi, ilhali zahanati nyingi hazikuwa na chumba cha giza cha kupigia picha, na muuguzi mmoja alikuwa na foleni ya watu wengi mlangoni. Katika picha 1,838 za miezi 6 ya mwanzo, mashine ilizikataa 21 katika kila 100, ikisema haziko wazi. Baadhi ya hizo muuguzi mwenyewe, kwa jicho lake, aliona kwamba zasomeka. Juu ya hayo, mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa aliambiwa aende kwa daktari wa macho siku nyingine, nayo ni safari, nauli na kazi ya siku nzima iliyopotea. Mahali pengine intaneti ilikatika kwa saa 2, na watu waliopimwa siku hiyo wakapungua kutoka 200 hadi 100. Ikafika hadi baadhi ya wauguzi kuwashauri wagonjwa wasikubali kupimwa na mashine, kwa kuwahurumia na safari isiyo ya lazima. Sisi hatuwalaumu.

Kosa la Thailand lilikuwa wazi, kila mtu aliliona. Liko la namna nyingine, lililojificha. Mwaka wa 2019 Ziad Obermeyer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, walichunguza programu iliyotumiwa na hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili kuangaliwa zaidi. Programu haikuulizwa nani mgonjwa zaidi. Ilifundishwa kukisia nani atatumiwa fedha nyingi za matibabu. Na kwa kuwa watu weusi wa nchi ile hutumiwa fedha kidogo kuliko weupe walio na ugonjwa sawa na wao, mashine iliwahesabu kuwa wazima zaidi. Hao wachunguzi walikadiria kwamba lau kosa lingalisahihishwa, weusi miongoni mwa waliochaguliwa wangaliongezeka kutoka 17.7 hadi 46.5 katika kila 100. Wala hapana mtu aliyeiandikia mashine neno lolote la rangi. Swali ndilo lililokuwa baya.

Karibu na kwetu, wataalamu walipiga picha za majani ya mihogo katika pwani ya Tanzania, wakaifundisha mashine kuyajua maradhi kama batobato na michirizi ya kahawia, yanayoenezwa na nzi weupe. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2017, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo husema Kiswahili na hufanya kazi hata pasipo na intaneti. Mkulima huielekeza simu kwenye jani, naye hujibiwa papo hapo shambani. Faida yake ni kubwa, hasa wakati wa kuchagua vipando, kwani pingili iliyokatwa kwenye shina lenye ugonjwa hupeleka ugonjwa katika shamba jipya. Ila michirizi ya kahawia ina tabia ya hila: mara nyingine jani huonyesha dalili kidogo mno, au halionyeshi kabisa, na huku mhogo umeoza ndani ya udongo. Simu huliona jani tu; kung'oa shina moja na kuukata mhogo ili kuangalia ndani kumebaki kuwa kazi ya mwenye shamba na kisu chake.