Maziwa ya Ng'ombe wa Ankole na Kipimo cha Lita

Sehemu kubwa ya maziwa yanayonywewa Kampala hutoka magharibi mwa Uganda, katika malisho ya Mbarara, Kiruhura na wilaya jirani, nayo huuzwa kwa lita, kana kwamba lita zote zimebeba kitu kimoja. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu humpa mfugaji lita 1 hadi 3 kwa siku, mbali na anazonyonya ndama, ilhali ng'ombe wa Friesian aliyelishwa vizuri huweza kupita lita 20. Lakini mafuta katika maziwa ya Ankole mara nyingi hufika asilimia 5 na ya Friesian hukaribia 3.5, hivyo lita ya kwanza ina takriban gramu 50 za mafuta na ya pili gramu 35, pamoja na vitamini A, D na E zilizoyeyuka humo.

Chanzo cha tofauti hiyo kimo ndani ya kiwele. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, huvuta maji kutoka kwenye damu, kwa hiyo ng'ombe atengenezaye laktosi nyingi hujaza ndoo nyingi, na mafuta yasipoongezeka kwa kiasi hichohicho hutawanyika katika maji hayo. Ukamuaji wa jadi nao una athari ambayo mpimaji hapaswi kuisahau: ndama hutangulizwa ili maziwa yashuke, kisha huondolewa, na mwishowe hurudishwa anyonye yaliyobaki, ambayo ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote. Kipimo cha ndoo, basi, huenda kikampunja ng'ombe wa Ankole sifa yake.

Hudaiwa pia kwamba kaseini ya aina ya A2, protini iliyo nyingi kwa ng'ombe wa zebu, ambao ni miongoni mwa mababu wa Ankole, ni bora kiafya kuliko A1. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ilipopitia suala hilo mwaka 2009, haikupata uthibitisho kwamba A1 huleta maradhi, na maziwa ya Ankole hayahitaji dai hilo ili yathaminiwe.

Katika vituo vya kupozea, maziwa ya mazizi mengi humiminwa katika tangi moja baada ya kupimwa kwa laktomita, chombo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, maziwa yaliyoenguliwa malai kisha yakatiwa maji kidogo huweza kusomeka sawa na maziwa kamili. Laktomita, basi, haipimi mafuta, na mfugaji anayelipwa kwa lita tu anadhulumiwa, kwani mafuta hayo yasiyolipiwa ndiyo ambayo nyumbani kwake hutikiswa kibuyuni yakawa siagi, kisha hupigwa kwa chumvi ya mawe yakawa eshabwe, kitoweo cha heshima cha harusi za Ankole.