Mawasiliano ya Kazi kwa Makundi ya Simu

Watumishi wengi wanaofanya kazi mbali na ofisi kuu hivi sasa huunganishwa na wenzao kwa makundi ya WhatsApp. Limezuka suala iwapo makundi hayo yanaisaidia kazi au yanaizorotesha.

Tatizo la umbali ni la zamani. Tarehe 1 Novemba, 1870 mkoba wa barua za Dk. Livingstone ulifungwa Unguja. Ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi 3, kisha ukachukuliwa na wapagazi kwa njia ya misafara, ile iliyopita Kigwa na kuingia Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Huko nako ukalala, mpaka Stanley alipouchukua na kuufikisha Ujiji mwaka 1871. Safari ilikuwa ndefu kweli, lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo mkoba haukuwa njiani. Ulikuwa umewekwa tu.

Kigwa leo ni kata ya Wilaya ya Uyui, na ujumbe wa simu kutoka huko hufika makao makuu ya Wilaya, Isikizya, kwa nukta chache. Kilichobakia ni kule kulala. Mwalimu akiuliza juu ya upungufu wa vitabu katika kundi la watu 80, kila mmoja hudhani mwenziwe atajibu. Zikishapita salamu, pongezi na picha za harusi, suala lake limekwisha kuzama.

Kundi lenye msimamizi huwa na sura nyengine. Utafiti uliofanywa Kibera na Makueni, nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016, ulihusu wahudumu wa afya wa jamii waliounganishwa na wasimamizi wao kwa WhatsApp. Wasimamizi walitoa maelekezo, picha za kazi zilitumwa zikakaguliwa, na wahudumu wakatiana moyo.

Ieleweke pia kwamba ujumbe wa saa 5 usiku humnyima mtumishi mapumziko yake, na kwamba picha ya cheti cha mgonjwa haina nafasi katika kundi. Taarifa kama hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hivyo inafaa kila kundi la kazi liwe na mtu mmoja mwenye dhamana ya kujibu. Jambo linalohitaji uamuzi liandikiwe barua na kutiwa jaladani, kwani mkuu wa idara akihamishwa, kumbukumbu zilizomo katika simu yake huondoka naye.