Fahamu: Soul blues, muziki wa watu wazima
Albamu mpya za soul blues zikitoka, wengi huzitia kapu moja na jazi. Hiyo si haki. Gitaa lake ni la blues, lakini uimbaji umelelewa katika kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi, ukisindikizwa na kinanda na tarumbeta. Mashairi yake huzungumza na waliokwisha kuyaona maisha: ndoa, usaliti, mshahara usiofika mwisho wa mwezi.

Mwaka 1982, wengi wakiamini blues imezeeka, mwimbaji Z.Z. Hill alitoa *Down Home* kupitia Malaco, kampuni ya Jackson, Mississippi. Albamu hiyo iliuzwa mno. Hill alifariki 1984, lakini mlango ulikuwa wazi kwa waimbaji Johnnie Taylor na Denise LaSalle.

Tuzo ya Grammy haina kipengele cha soul blues, na hilo limewagharimu wasanii wake. Bobby Rush, aliyezaliwa 1933, alisubiri hadi 2017 kupata ya kwanza, kwa albamu *Porcupine Meat*, akiwa na miaka 83! Tuzo za Blues Music Awards, za Memphis, zinacho kipengele hicho. Anayetaka albamu mpya aanzie kwa wateule wake.