Hesabu Kwanza, Mlingoti Baadaye

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipovikumba visiwa vya Andaman na simu zikakatika, kikundi kidogo cha waendesha redio wa ridhaa kutoka India, ambao walikuwa Port Blair kwa shughuli zao za kawaida, kilishika zamu usiku na mchana kupeleka bara habari za walionusurika. Sisi tuishio visiwani hatuna budi kulikumbuka tukio hilo kila tusikiapo redio ya ridhaa ikiitwa mchezo wa watu wenye nafasi.

Leo twataka kusema juu ya antena tu. Wapo wanaoamini kuwa ukipachika antena ya pili chini ya ile ya kwanza, katika mlingoti uleule, nguvu huwa mara mbili. Imani hiyo ni ghali, maana mabomba ya alumini na nyaya zake huagizwa kwa fedha za kigeni.

Tutazame mfano. Mawimbi ya megahezi 28 yana urefu wa takriban mita 10.7. Antena iliyolazwa kwenye kimo hichohicho cha mita 10.7 huelekeza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye pembe ya kama digrii 14 juu ya upeo wa macho, pembe ifaayo kwa safari ya mbali. Lakini fungu jingine kubwa huelekea digrii 49 hivi, na aghalabu hupenya angani lisirudi. Ukiweka ya pili kwa nusu ya kimo hicho na kugawa nguvu sawasawa, hesabu ya kalamu na karatasi yaonyesha kuwa kule chini faida ni kama mara moja na nusu. Mara mbili haifiki. Faida iliyo kubwa zaidi ni kuwa lile fungu la juu karibu linatoweka, na kelele zitokazo upande huo nazo hupungua.

Hata hivyo kalamu haielezi jinsi antena mbili zilizokaribiana zinavyoathiriana, na hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Programu ya NEC, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1981 katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, huukata kila waya vipande vidogo vidogo, kisha hukokotoa umeme upitao katika kila kipande kwa kuzingatia vipande vingine vyote. Kazi hiyo zamani ilitaka mashine ya kujaza chumba. Sasa kompyuta ya kawaida ya mezani huimaliza kabla chai haijapoa. EZNEC, programu ya Roy Lewallen itumiayo hesabu hizohizo, hutolewa bila malipo tangu mwaka 2022. Basi mtu aweza kuisogeza antena yake juu na chini mara mia, wala asipande ngazi hata mara moja.

Lakini kompyuta husadiki iambiwalo. NEC huchukulia kuwa ardhi ni tambarare, na mwenye mlingoti juu ya kilima cha Pemba akiifuata kwa upofu atapotea. Kwa ardhi ya namna hiyo ipo HFTA ya Dean Straw, ambayo hupewa sura ya mteremko wenyewe. Tena haijui chumvi ya upepo wetu, ambayo huila mikazo ya alumini pale nyaya zinapofungwa. Hilo ni la fundi na brashi yake.

Twawaomba maofisa wanaopitia maombi ya milingoti, yawe ya klabu, ya shule au ya vituo vya maafa, wadai kwanza karatasi ya hesabu yenye kimo cha kila antena, nafasi iliyo baina yao na sura ya ardhi. Na kijana aliye na kibali lakini hana kompyuta aruhusiwe kutumia ile ya ofisi ya wilaya baada ya saa za kazi.