Kuhesabu Saa za Kujitolea, Kisimayu Hadi Chula: Njia Ipi Inalipa?

Chama cha wavuvi kikiomba injini ya boti, au akina mama wa upatu (Wasomali huuita hagbad) wakitafuta jokofu la samaki, mfadhili hatachelewa kuuliza: kazi mnayojitolea ina thamani gani, na imebadilisha nini? Njia za kumjibu zipo, ila gharama zake hazikaribiani hata kidogo. Hapa nazipima kwa macho ya chama kidogo cha visiwa vya Wabajuni, pwani ya kusini mwa Somalia, ambacho katibu wake hana mshahara.

Nafuu kuliko zote ni daftari. Chora safu tano: jina, tarehe, kazi, saa, aliyenufaika. Gharama yake ni kalamu na muda mfupi wa katibu kila wiki. Udhaifu wake ni usahaulifu, na wazee wasioandika huachwa nje, kwa hiyo kila kisiwa kiwe na kijana mmoja wa kuwaandikia.

Saa hizo hugeuzwa fedha kwa kuuliza: tungemlipa nani, na kiasi gani, kama hawa wasingejitolea? Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 10 wanajitolea saa 3 kwa wiki, kwa wiki 40. Jumla ni saa 1,200. Kibarua wa kazi hiyo akilipwa dola 1 kwa saa, kazi yao ni dola 1,200. Petroli, chai na chakula vikigharimu dola 500, kila dola iliyotumika imezaa kazi ya dola 2.40. Bei halisi iulizwe sokoni, kazi kwa kazi, maana fundi wa kutia kalafati hawi sawa na mbeba mizigo. Upande wa matumizi ni rahisi zaidi: anayelipia petroli kwa EVC Plus, huduma ya fedha kwa simu, tayari ana ujumbe wenye tarehe na kiasi. Asiufute.

Fomu za simu zinafuata. KoboToolbox, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Harvard, ina akaunti ya bure yenye mipaka, na fomu zake hujazwa bila mtandao kisha hutumwa simu inapopata mawimbi. Kwa anayevuka kutoka Koyama kwenda Chovai hilo ni jambo kubwa. Lakini cha bure ni akaunti tu. Simu, chaji, bando, mafunzo na mtu wa kusahihisha makosa vyote vina bei. Chama chenye tawi moja hakiihitaji.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa kupima kazi ya kujitolea, nao hupatikana bure. Huuliza mtu alichofanya wiki nne zilizopita. Ukiuchukua jinsi ulivyo, pamoja na ufafanuzi wa kimataifa wa kazi ya kujitolea uliofuata mwaka 2013, utapotoshwa mara mbili. Kwanza, bahari yetu ina misimu. Wiki nne za kusi, mashua zikiwa zimevutwa pwani na watu wakishona nyavu, hazifanani na wiki nne za kaskazi. Uliza misimu yote miwili. Pili, na hili linaniuma zaidi, ufafanuzi huo wa 2013 hauhesabu msaada kwa ndugu wa familia hata akiwa nyumba nyingine. Visiwani, ambako jirani mara nyingi ni binamu au shemeji, sheria hiyo inafuta sehemu kubwa ya kazi kabla hujafungua daftari. Ushauri wangu: iandikwe yote, na ya ndugu iwe na safu yake. Mfadhili akitaka kuitoa, aitoe mbele ya macho yenu.

Ufafanuzi huohuo hauhesabu kazi ya kulazimishwa, na hapo nakubaliana nao. Mwanachama anayetozwa faini asipofika hakujitolea.

Ghali kuliko zote ni hesabu ya faida ya kijamii, maarufu kama SROI. Uingereza ilichapisha mwongozo wake mwaka 2009, nao pia ni bure. Kazi yenyewe ndiyo ghali: kuhoji walionufaika, kuyapa mabadiliko bei, kisha kupunguza yale ambayo yangetokea hata bila chama. Ni kazi ya mtaalamu, na kwa Kisimayu ongeza ndege na ulinzi. Siku chache tu za mshauri kutoka nje zinaweza kumeza dola zote 1,200 za mfano wetu. Asipolipa mfadhili mwenyewe, ikataeni.

Wabajuni waliotawanywa na vita vya 1991 nao hujitolea kutoka mbali, kwa kutafsiri barua na kuchangisha fedha. Kima cha chini cha mshahara Uingereza, kwa wenye miaka 21 na zaidi, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Ukiichanganya saa ya Uingereza na ya Chula, barua moja ya London itaonekana nzito kuliko siku nzima ya kukarabati mashua. Tenganisha jumla hizo mbili.

Lakini saa nyingi bado si matokeo. Ongeza maswali machache mwisho wa kila msimu: mashua ngapi zilirudi baharini, nani alipata matibabu, mfuko wa kufa na kuzikana uliwafikia wangapi?

Kwa chama chenye tawi moja, chukua daftari, bei za sokoni na maswali hayo. Matawi yakizidi matatu, ongeza fomu ya simu. Anzeni kuandika msimu huu, kabla hamjaombwa ripoti.